Chama cha wanaovaa beji

Tanzania haina kinu cha nyuklia. Hatuna cha kuzalisha umeme, wala hatuna hata kile kidogo cha utafiti ambacho Kinshasa ilikiwasha mwaka 1959, kabla Kongo haijapata uhuru. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba hapa Dodoma kuna mama anayeongoza chama cha wataalamu wa sayansi na teknolojia ya nyuklia, swali lake la kwanza huwa hilohilo: sasa mnaongoza nini?

Nimeulizwa hivyo na maofisa wa serikali, na majirani zangu wa Ipagala, na baba yangu mzazi ambaye kwake nyuklia ni bomu tu. Ni swali la haki, na jibu lake ndilo limekuwa dira yangu tangu nishike uenyekiti. Nyuklia ya nchi hii iko mikononi mwa watu. Iko kwa mteknolojia anayepiga picha za eksirei kutwa nzima katika hospitali ya wilaya. Iko Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, ambako saratani inatibiwa kwa mionzi. Iko kwa mkaguzi anayepima sampuli ya chakula kilichoagizwa kutoka nje kabla hakijaingia sokoni. Ilikuwa Unguja kati ya mwaka 1994 na 1997, pale madume ya mbung'o zaidi ya milioni nane, yaliyozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, yalipomwagwa kutoka angani mpaka mbung'o wakaisha kisiwani na ng'ombe wakaepukana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Na iko barabarani, pembezoni mwa jiji letu, mahali ambapo wengi wetu hupita bila kujua.

Wengi wa watu hao wana kitu kimoja kinachowaunganisha, nacho ni beji. Ni kiboksi kidogo cha plastiki kinachobanwa kifuani. Ndani yake mna vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi za floridi ya lithiamu, ambavyo huhifadhi nishati ya mionzi iliyovipiga. Baada ya muda beji hupelekwa maabara, fuwele hupashwa moto, nazo hutoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, dozi ilikuwa kubwa. Namba inayotoka pale ndiyo kumbukumbu ya mwili wa mfanyakazi kazini kwake. Dozi hupimwa kwa milisiverti, na kikomo cha kimataifa kwa anayefanya kazi na mionzi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, ukihesabu miaka mitano mfululizo, na mwaka wowote usizidi 50. Kwa mwananchi wa kawaida kikomo ni milisiverti 1 juu ya ile mionzi anayoipata kwa ardhi, anga, chakula na matibabu yake.

Naamini chama cha nyuklia katika nchi kama yetu ni chama cha wanaovaa beji hiyo. Kabla ya kuwa cha maprofesa, na kabla ya kuwa cha wanaoota kinu, ni chao. Msimamo huo umenigharimu marafiki wawili watatu, lakini sijaona sababu ya kuubadilisha.

Wanaosema chama cha nyuklia kingoje kwanza kinu kifike, huwa nawakumbusha Wamarekani. Chama chao kilianzishwa tarehe 11 Desemba 1954. Wakati huo Marekani haikuwa na kituo kikubwa hata kimoja cha umeme wa nyuklia. Shippingport, cha kwanza, kilianza mwishoni mwa mwaka 1957. Rais wao wa kwanza alikuwa Walter Zinn, mzaliwa wa Kanada, mmoja wa waliokuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Chicago tarehe 2 Desemba 1942, pale mnyororo wa kwanza wa nyuklia, atomu moja ikipasuka na kupasua nyingine, ulipojiendesha wenyewe. Miaka tisa baadaye, jangwani Idaho, kinu alichokisimamia kiliwasha balbu nne. Balbu nne tu. Watu walioanzisha chama kile walikuwa na maabara, walikuwa na maswali, na walikuwa na hofu ya kile walichokuwa wamekifungua. Walijua wanahitaji mahali pa kukutana nje ya ofisi za waajiri wao na kusahihishana. Haja hiyo tunayo na sisi.

Kuna jambo lingine la kwao ninalolitamani waziwazi. Rais wa chama kile hukaa mwaka mmoja. Anachaguliwa, anakaa mwaka mzima pembeni kama makamu akijifunza, anashika kiti mwaka mmoja, kisha anampisha mwenzake na kubaki mshauri. Kiti hakipati muda wa kuota mizizi. Katiba yetu inampa mwenyekiti miaka mitatu na inamruhusu kugombea tena, na mimi nimeshawaambia wajumbe kwamba hiyo ni mirefu mno. Chama cha watu wachache kikikaa mikononi mwa mtu mmoja kwa miaka sita kinaanza kunukia jina lake. Barua zinaandikwa kwake badala ya kuandikwa kwa chama, wafadhili wanampigia yeye, vijana wanangoja aondoke.

Na kuna mama mmoja katika historia yao ambaye namfikiria kila ninapovaa beji yangu. Gail de Planque alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama hicho, mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye akawa kamishna wa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya nchi yake. Taaluma yake ilikuwa upimaji: mionzi ya mazingira, na hizihizi fuwele zinazotoa mwanga zikipashwa moto. Hakutoka kwenye ujenzi wa mitambo mikubwa. Alitoka kwenye swali dogo na gumu, kwamba je, kipimo hiki kinasema kweli? Nikisikia mtu anasema upimaji ni kazi ya mafundi na uongozi ni kazi ya wanasayansi, namfikiria yeye.

Mambo ya usajili sitayarefusha. Sheria ya Jumuiya, Msajili, fomu, katiba iliyorudishwa kusahihishwa, orodha ya waanzilishi, barua ya utambulisho. Aliyewahi kusajili hata kikundi cha kufa na kuzikana anaujua mlolongo huo. Ada ya uanachama huwa inachelewa, akidi huwa inatafutwa kwa simu mpaka dakika za mwisho, na katibu wetu ana daftari la wadaiwa ambalo amelibeba kwa uvumilivu mkubwa kuliko mshahara anaolipwa, maana halipwi kitu.

Jambo lililotaka kutuvunja lilikuwa kipengele kimoja cha katiba: nani anaweza kuwa mwanachama kamili. Rasimu ya kwanza ilisema mwanachama kamili awe na shahada ya kwanza au zaidi katika fizikia, kemia, uhandisi, udaktari au fani inayohusiana na nyuklia. Wengine wote wangekuwa wanachama washiriki: wanalipa ada, wanakuja mkutanoni, wanakula chakula cha mchana, hawapigi kura. Waliotetea kipengele hicho walikuwa watu makini, na hoja yao niliielewa. Walisema jina la chama ni mali. Vyama vya wenzetu wa nje vitatupima kwa viwango vyetu. Tukifungua mlango, kesho tutasikia mtu aliyesomea kozi ya wiki mbili anazungumza redioni kama mtaalamu wa nyuklia, na uongo wake utahesabiwa kuwa wetu. Kaka mmoja, mwalimu wangu wa zamani ninayemheshimu mpaka leo, alisimama akasema taaluma isiyo na mlango si taaluma.

Kisha akasimama fundi sanifu wa maabara ya udongo. Alikuja kutoka kwenye barabara, na buti zake bado zilikuwa na vumbi jekundu. Alikuwa amekuja na kifaa chake, kwa kibali cha mwajiri wake na karatasi zote za usafirishaji, kwa sababu mchana ule alipangiwa kutuonyesha namna kinavyofanya kazi. Akaomba aonyeshe kwanza, kura ipigwe baadaye. Tukatoka nje wote, nyuma ya ukumbi, penye kiwanja cha udongo ulioshindiliwa.

Watu wengi wamewahi kukiona bila kujua ni nini: sanduku la manjano lenye mpini mrefu, likiwa limewekwa juu ya barabara mpya, na mtu amesimama kando analitazama kwa mbali. Ndani yake mna vyanzo viwili vya mionzi. Kimoja ni sizia-137, kimekaa kwenye ncha ya fimbo ya chuma. Kingine ni ameriki-241 iliyochanganywa na berili, ambayo hutoa nyutroni. Alisawazisha udongo kwa bamba. Akagongelea msumari mnene wa chuma kutengeneza tundu, akaung'oa kwa kuuzungusha taratibu ili kingo za tundu zisibomoke. Akaweka sanduku juu, akashusha fimbo mpaka ikaingia tunduni na kukwama mahali pake kwa mlio mdogo. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kutuambia na sisi turudi. Tukasubiri dakika moja. Miale ya gama inapita kwenye udongo kutoka kwenye ncha ya fimbo hadi kwenye vihesabio vilivyo chini ya sanduku. Udongo ukiwa umeshindiliwa vizuri, miale michache ndiyo inayofika. Nyutroni nazo zinapunguzwa mwendo na haidrojeni iliyomo kwenye maji, hivyo hueleza unyevu. Namba mbili zikatokea kwenye kioo. Akazisoma, akaziandika, akarudisha fimbo juu, akahakikisha kifuniko cha chini kimejifunga, akapima kuzunguka sanduku kwa kipima mionzi, ndipo akalishika.

Alisema maneno machache. "Waheshimiwa, mimi nina stashahada. Kazi hii naifanya kila siku ya Mungu. Nikikosea mimi, barabara inatitia na mionzi inanipata mimi na vibarua wangu. Mkisema mimi si mtu wa nyuklia, basi niambieni ni nani."

Mwalimu wangu aliangalia chini muda mrefu. Turudipo ukumbini aliomba kipengele kiandikwe upya yeye mwenyewe, na maneno aliyoyapendekeza ndiyo yaliyopita: mwanachama kamili ni mtu yeyote anayefanya kazi na mionzi au vyanzo vyake kwa mujibu wa sheria, na aliyepata mafunzo yanayotambulika ya kazi hiyo. Mlango upo. Umehamishwa tu ulipo. Kulikuwa na waliopinga mpaka mwisho, na wawili hawajalipa ada tangu siku hiyo. Bado nawaalika.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu najua yanaweza kuonekana ni mabishano ya ndani ya chama. Si ya ndani. Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, Brazil, kliniki ya tiba ya mionzi ilikuwa imehama na kuacha mashine kwenye jengo lililotelekezwa. Watu wawili waliingia, wakaichukua kama chuma chakavu, wakaivunja na kuiuza yadi. Ndani mlikuwa na sizia-137, ileile ya kwenye sanduku la manjano, ila kwa wingi unaozidi wa kifaa cha barabarani zaidi ya mara laki moja. Ilikuwa unga unaong'aa rangi ya buluu gizani. Mwenye yadi aliupenda, akawagawia ndugu na marafiki. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea, akala chakula akiwa nao mikononi. Watu wanne walikufa katika wiki chache zilizofuata, yeye akiwa mmoja wao. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa uwanjani, na 249 walikutwa wamechafuliwa.

Aliyegundua kwamba kuna jambo hakuwa profesa. Alikuwa mke wa mwenye yadi. Aliona watu wa nyumbani kwake wanaugua kwa mpigo, akauhusisha ugonjwa huo na kile kitu, akakitia kwenye mfuko na kukipeleka kwa wahudumu wa afya kwa basi la abiria. Yeye pia alikufa. Bila yeye, hesabu ya waliokufa ingekuwa nyingine kabisa.

Hapa Dodoma biashara ya skrepa imekua pamoja na jiji. Majengo yanabomolewa, mengine yanajengwa, magari mabovu yanakatwa, na vijana wa mikokoteni wanazunguka mtaa kwa mtaa wakiita vyuma. Chama kilipoamua kutumia fedha zake kidogo kwa jambo moja la hadharani, tulichagua wao. Tulichapisha picha moja kubwa ya alama ya mionzi, yale mapanga matatu meusi kuzunguka duara kwenye manjano, na tukaenda yadi kwa yadi. Hatukuhutubia juu ya atomu. Tulisema hivi: ukiona alama hii, au ukikutana na kitu kidogo kizito kupita kiasi chake, usikivunje, usikikate kwa gesi, usikipeleke nyumbani, kiache, waondoe watu, piga simu polisi au Tume ya Nguvu za Atomu. Fundi sanifu wetu wa barabara ndiye aliyeongoza zoezi hilo. Wale vijana walimsikiliza kwa namna ambayo mimi, pamoja na vyeti vyangu vyote, nisingesikilizwa.

Kijana mmoja wa mkokoteni aliuliza swali ambalo sijalisahau: akikiacha hicho chuma na kutoa taarifa, nani atamlipa siku yake? Nimelipeleka kila mahali ninapopata nafasi ya kusema. Mtu anayeishi kwa kilo za chuma huwezi kumwomba uaminifu wa bure halafu ukajiona umefanya kazi ya usalama.

Halafu kuna Bahi.

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Singida, unashuka kwenye bonde la Bahi, penye mpunga na mbuga inayojaa maji mvua zikiwa nzuri. Mbele zaidi ni Manyoni. Sehemu zote mbili ziliwahi kufanyiwa utafutaji wa urani, na sababu yake ni ya kijiolojia. Miamba ya kati ya nchi ni matale ya kale sana, na matale huwa na urani kidogo ndani yake. Kwa maelfu ya miaka mvua imekuwa ikiimumunya kidogokidogo na kuiteremsha kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutokea baharini. Maji yanakauka kwa jua letu, na urani inabaki kwenye tabaka za chokaa karibu na uso wa ardhi. Mradi wa urani uliofika mbali zaidi nchini uko kwingine, Mto Mkuju, Namtumbo, lakini neno urani likitajwa redioni, Bahi wanalisikia kama linawahusu.

Tulialikwa kuzungumza na wanakijiji. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekaa mbele, "Shikamoo babu," akaitikia, akanitazama kwa muda, kisha akauliza kabla sijafungua hata karatasi: "Mwanangu, hilo jiwe likichimbwa, mpunga wetu nani atanunua?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mionzi ya alfa. Yeye aliuliza soko, na alikuwa sahihi. Mkulima anaweza kufilisika kwa uvumi kabla hata bekereli moja, kile kipimo kidogo cha mionzi, haijaongezeka kwenye punje. Nilimjibu kile ninachokijua. Urani iliyopo chini imekuwepo kabla ya babu zake, na mpunga wao umekuwa ukilimwa ikiwepo. Mchele unaweza kupimwa, na kipimo kinatakiwa kichukuliwe kabla jembe la kwanza la mgodi halijagusa ardhi. Vilevile maji ya visima, vumbi na samaki. Bila kipimo cha awali hakuna atakayeweza kusema baadaye ni nini kimebadilika, awe mwekezaji au mlalamikaji. Nilimwambia pia kwamba urani hudhuru figo kama madini mengine mazito, mbali na mionzi yake. Na kwamba mgodi ukiondoa urani, sehemu kubwa ya mionzi, kama asilimia 85, inabaki kwenye mabaki ya mchanga uliosagwa. Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote ni mabaki hayo yatawekwa wapi na nani atayalinda baada ya mwekezaji kuondoka, katika bonde ambalo maji yake hayana pa kutokea.

Mtu mmoja alinishutumu kwamba nawatisha wananchi. Mwingine, palepale, alinishutumu kwamba nimetumwa na wachimbaji. Nilirudi Dodoma nikiwa na hakika zaidi kuliko nilivyokwenda. Chama cha wataalamu kinachosifia nyuklia tu ni idara ya matangazo, na kinachotisha tu kinawanyima watu tiba, maji na barabara nzuri. Kazi yetu ni kusema kiasi: kiasi gani, wapi, kwa muda gani, kwa nani. Namba hizo zikibandikwa kwenye mbao za ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, babu wa Bahi anaweza kumwonyesha mnunuzi wa mpunga wake.

Muda si mrefu baada ya hapo kampuni moja ilijitolea kudhamini mkutano wetu mkuu wote: ukumbi, chakula, nauli, mikoba yenye nembo. Fedha ile ingetutoa kwenye madeni. Kamati iliikataa, na ninajivunia kamati hiyo. Tulikutana kwenye darasa la kuazima, kila mtu akajilipia chakula.

Kuhusu Tume, watu hutaka kujua kama tunashindana nayo. Hapana. Tume ya Nguvu za Atomu ipo kwa sheria ya mwaka 2003, na kabla yake kulikuwa na sheria ya kinga dhidi ya mionzi ya mwaka 1983. Inatoa leseni, inakagua, inapima beji, inaweza kufunga chumba cha eksirei kisichofaa. Ndiyo maana kuna mambo mfanyakazi haiambii. Mteknolojia aliyegundua kwamba mlango wa chumba chake umepungua risasi, ile metali inayozuia mionzi, anajua akiripoti, huduma itasimama, wagonjwa watarudishwa, na mganga mkuu atamuuliza yeye kwanza. Chama kinaweza kumsikiliza mapema. Tumeanzisha utaratibu wa kupeana visa vya karibu-ajali, bila jina la mtu wala la kituo: nini kilitokea, nini kingetokea, nini kimebadilishwa. Visa hivyo vinasomwa mwanzoni mwa kila mkutano, kabla ya yatokanayo. Wenye shahada za uzamivu huandika bila kukosa wakati huo.

Nawajali sana vijana. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa kanda ya kati alipohitaji tiba ya mionzi alifunga mzigo kwenda Dar es Salaam, na wapo walioahirisha safari kwa kukosa nauli na mahali pa kufikia mpaka ikawa hawasafiriki. Huduma za kibingwa zinasogea karibu, na hospitali ya Benjamin Mkapa hapa kwetu ni sehemu ya tumaini hilo. Ila mashine ya tiba ya mionzi haijiendeshi. Kwa kila moja anahitajika mwanafizikia tiba wa kuhesabu na kuthibitisha dozi, wateknolojia wa kumlaza mgonjwa sawasawa kila siku kwa wiki kadhaa, na mhandisi wa kuitengeneza. Nikiwa na wanafunzi wa fizikia pale UDOM huwaambia hivyo: kuna watu kitandani wanaongoja mtu aliyesoma mlichosoma nyie. Wanaobaki kuuliza maswali baada ya kipindi nachukua namba zao za simu, na kila mmoja anapewa mwanachama wa kumlea, ikiwezekana mtu wa kituoni badala ya ofisini.

Mkutano mkuu ujao una hoja mbili zangu. Ya kwanza ni kipindi cha mwenyekiti kiwe mwaka mmoja, kuanzia na mimi. Ya pili inahusu beji. Viwango vya kimataifa vinampa mfanyakazi haki ya kuona kumbukumbu za dozi yake, lakini wanachama wengi wanasema matokeo hufika kwa mwajiri na kuishia kwenye faili. Wapo waliovaa beji miaka na miaka bila kuona namba yao. Hoja inasema kila mwanachama apewe nakala ya matokeo yake kila yanapotoka, na akihama kazi aondoke na historia yake yote ya dozi. Hoja hiyo itawasilishwa na yule fundi sanifu wa barabara. Nimemwomba pia agombee, na fomu ameichukua.